Mtu Bure

Muhoroni ni mji wa miwa, na Mjaluo, Mnandi, Mkisii na Mluhya wanaokutana hapo huelewana kwa Kiswahili. Anayetaka kuuliza watu wa mji huu wanavyojithamini ana kazi ngumu kuliko hesabu zitakazofuata. Kutunga maswali hayo ni ufundi ninaouheshimu sana.

Kipimo mashuhuri ni cha Morris Rosenberg, Mmarekani, cha mwaka 1965: kauli 10, tano za kujikubali na tano za kujishusha, nawe unakubali au unakataa. Zimechanganywa makusudi, maana wapo watu wa kuitikia kila kitu, hasa mbele ya mgeni mwenye karatasi. Kipimo hicho kimeshatumika jirani, Rarieda, kaunti ya Siaya, katika utafiti wa Haushofer na Shapiro kuhusu familia zilizopewa fedha taslimu, uliochapishwa 2016.

Kauli mojawapo ya kujishusha inahusu kutokuwa na mengi ya kujivunia. Itafsiri hivyo hivyo kwa Kiswahili, umsomee mzee aliyekata miwa tangu ujana. "Hapana, sina," atajibu. Amekubali, lakini mhojaji mwenye haraka anasikia "hapana" na kutia alama kwenye kukataa. Mwingine atasema, "Kweli, mimi si mtu wa kujivuna." Huyo ameonyesha adabu aliyofunzwa kwao, na karatasi inamwandika mnyonge.

Fundi hafuti kauli hizo, kwa kuwa mtego wa kuwanasa wanaoitikia kila kitu ungepotea. Hutafuta kauli chungu isiyo na kikanusho: "Siku nyingine najiona mtu bure." Hapo "ndiyo" ni ndiyo. Kisha mtu ambaye hajaiona hojaji ya awali huirudisha kwa Kiingereza, na penye tofauti kazi huanza upya. Hatimaye, na hapa ndipo subira inapoonekana, hukaa na watu wachache na kuuliza: "Mzee, ukisikia hivi, unafikiria nini?" Akijibu kwamba anafikiria bei ya miwa, kauli inarudi mezani, hata kama ilikuwa nzuri masikioni.

Watafiti Schmitt na Allik, katika utafiti uliochapishwa 2005, walilinganisha majibu ya kipimo hiki katika mataifa 53, wakakuta kauli za kujishusha hazieleweki sawa kila mahali. Kwa hiyo, ninyi mnaofadhili tafiti huku kwetu, lipieni siku za kuyajaribu maswali kabla hojaji haijachapishwa.