Shotigani ya Ndege: Namna ya Kuipima Kabla ya Kuinunua

Shotigani ya mwindaji wa ndege hudaiwa kazi mbili zisizopatana vizuri. Katika uwindaji wa bata na mabata bukini, mwindaji hukaa mahali pamoja, matopeni au mtumbwini, akiwangoja ndege wapite; bunduki haibebwi mbali, shabaha iko juu na mbali, na risasi zinazotumika ni nzito. Katika uwindaji wa kwale, kanga na tombo, mwindaji hutembea kutwa nzima, ndege huruka ghafla karibu na miguu yake, na silaha iliyobebwa kwa saa tano hutumika kwa sekunde mbili. Anayetaka bunduki moja kwa kazi zote hizo hana budi kutafuta ya katikati, na jambo la kwanza la kuangalia ni uzito.

Kuna kanuni ya zamani inayohusishwa na W. W. Greener, mtengenezaji wa bunduki wa Birmingham aliyetoa kitabu kikubwa kuhusu silaha hizo mwaka 1881: bunduki iwe na uzito wa mara 96 ya uzito wa marisau, yaani chembe za ndani ya risasi, inayoyarusha. Marisau ya gramu 32, yanayowatosha kwale na kanga, yanataka bunduki ya kilo 3.07. Ya gramu 36, ambayo ni ya kawaida kwa bata, yanataka karibu kilo tatu na nusu. Bunduki ikiwa nyepesi kuliko hapo hupiga teke, na mpigaji huanza kufumba macho kabla ya mlio. Kwa hiyo bunduki ya kilo 3.1 hadi 3.3 ndiyo inayofaa kuwa ya kazi zote. Wauzaji hupenda kusifu wepesi, kwa kuwa dukani wepesi huhisiwa mara moja, ilhali teke huhisiwa baadaye.

Geji ni hesabu ya tufe za madini ya risasi, zenye upana wa tundu la mtutu, zinazotimiza ratili moja. Tundu la geji 12 lina upana wa milimita 18.5 hivi, na la geji 20 milimita 15.6. Kwa anayewinda ndege wa maji, geji 12 haina mshindani, maana risasi zake hupatikana karibu kila panapouzwa risasi. Geji 20 ni tamu kwa kwale, lakini kuweka geji zote mbili katika nyumba moja kunahitaji nidhamu. Risasi ya geji 20 ikitiwa kimakosa katika chemba ya geji 12 huteleza mbele na kukwama ndani ya mtutu. Mpigaji akisikia kimya, akapakia ya geji 12 nyuma yake na kufyatua, mtutu hupasuka mahali hasa ulipo mkono wake wa mbele. Ndiyo sababu risasi za geji 20 hutengenezwa kwa ganda la rangi ya manjano.

Bunduki ya mitutu miwili, iwe imelala sambamba au mmoja juu ya mwingine, hukunjika kwenye bawaba. Ikifunguliwa, kila mtu aliyepo huona kuwa haina kitu, na hilo peke yake ni sifa kubwa pale wawindaji wanaporuka mtaro au kupanda mtumbwi. Haina mtambo wa kuhamisha risasi, kwa hiyo tope haliizuii kirahisi. Upungufu wake ni risasi mbili tu, pamoja na bei, kwa sababu kuifunga mitutu miwili ili ilenge pahali pamoja ni kazi ya fundi na huchukua muda.

Bunduki ya pampu hutengenezwa kwa wingi na kwa bei nafuu. Remington 870, iliyoingia sokoni mwaka 1950, imeuzwa kwa mamilioni na bado ni kipimo cha bunduki ya kazi. Ikigoma, mara nyingi kosa ni la mkono ambao haukuvuta mpaka mwisho, ganda likabaki ndani. Ile inayojipakia yenyewe ilipata umaarufu kwa Auto-5 ya John Moses Browning, ambayo kiwanda cha FN cha Herstal, Ubelgiji, kilianza kuitengeneza mwaka 1902. Za leo hufuata njia mbili. Moja huchota gesi ya baruti mtutuni ili kusukuma boliti nyuma. Huwa na teke la upole, lakini hutapakaa masizi na hudai kusafishwa. Nyingine, iliyoenezwa na Benelli ya Italia, hutumia teke lenyewe kukaza springi ndani ya boliti. Hubaki safi kwa muda mrefu, ila risasi nyepesi sana huweza kuishinda, na boliti ikirudishwa polepole kwa mkono huweza kusimama kabla ya kujifunga. Mwindaji huligundua hilo bata wakiwa juu ya kichwa, anaposikia "tak" tupu.

Anayekagua bunduki ya kujipakia iliyokwisha tumika huanza kwa kuvua ubao wa mbele. Masizi ni ya kawaida. Ukoko mgumu na kutu chini ya mtutu ni dalili ya mwenyewe mvivu. Kisha huulizia springi ya kurudisha boliti, ambayo katika modeli nyingi imefichwa ndani ya kitako. Maji ya ziwani huingia humo, na kwa kawaida hakuna anayepafungua mpaka siku boliti inapogoma kurudi. Bunduki ya bata inayong'aa kwa nje huku springi hiyo imeoza ni kitu cha kawaida sana. Katika mwambao wenye upepo wa chumvi, kutoka Lamu hadi Mtwara, uchunguzi huu ni wa lazima.

Bunduki ya mitutu miwili ndiyo inayotaka jicho la mjuzi, maana huishi miaka mingi na hupita katika mikono mingi. Mitutu hutolewa kwenye mtambo na kutazamwa ndani, ikielekezwa dirishani. Mtutu mzima huonyesha duara za mwanga zilizonyooka, moja ndani ya nyingine, hadi mdomoni. Duara ikikunjika upande mmoja, pana mbonyeo. Fundi mzuri huweza kuuinua. Pete ya kivuli inayozunguka tundu lote ni uvimbe, yaani kuna siku risasi ilifyatuliwa mbele yake pakiwa na kizuizi, pengine tope au jani, na mtutu wa namna hiyo ni wa kuachwa. Vishimo vya kutu hupenda kujificha mbele tu ya chemba na karibu na mdomo. Vidogo havidhuru sana, ila kuvisugua hupunguza unene wa ukuta, na ukuta uliokonda chini ya nusu milimita hauaminiki. Unene huo haupimwi kwa macho. Fundi ana kipimo chake, na malipo yake ni kidogo kuliko bei ya bunduki.

Baada ya kutazama huja kusikiliza. Mitutu huning'inizwa kwa kidole kwenye ndoano yake ya chini na kugongwa polepole kwa kijiti. Ikiwa tepe za chuma zinazoiunganisha zimeshika risasi ya kulehemu kuanzia mwanzo hadi mwisho, hutoa mlio mrefu ulio safi. Mlio wa kukwaruza au kufa ghafla huonyesha kuwa pameachia mahali, na maji yamekuwa yakiingia chini ya utepe. Mitutu mikongwe yenye michirizi ya mawimbi, iliyosokotwa kwa chuma na feleji wakati wa baruti nyeusi, ni mizuri kwa macho, lakini risasi za kisasa haziihusu, isipokuwa kama ina mhuri wa majaribio ya baruti ya kisasa na fundi ameithibitisha upya.

Mihuri hiyo hupigwa chini ya mitutu, karibu na chemba, na ni maandishi yenye thamani kuliko jina la kiwanda. Nyumba ya majaribio ya Birmingham ilianzishwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1813. Ile ya London ni ya zamani zaidi. Nchi za Ulaya zilizo katika mfumo wa pamoja wa majaribio uitwao CIP, ulioanzia Liège mwaka 1914, hujaribu kila bunduki kwa risasi yenye mgandamizo uliozidishwa makusudi. Mhuri hutaja pia urefu wa chemba: milimita 65 katika bunduki nyingi za zamani za Kiingereza, 70 katika za kawaida, 76 katika za magnum. Kutia risasi ya milimita 70 katika chemba ya 65 hakuzuiliki kwa mkono, kwa kuwa ganda hufikia urefu wake wote ncha inapofunuka wakati wa kufyatuliwa, na hapo ndipo hatari ilipo.

Mwindaji wa bata atafute mhuri mmoja zaidi: ua dogo la yungiyungi, ambalo katika nchi za CIP huonyesha kuwa bunduki imejaribiwa kwa marisau ya chuma yenye nguvu kubwa. Bata humeza marisau ya madini ya risasi wakidhani ni changarawe, nayo huwaua kwa sumu. Marekani ilipiga marufuku madini hayo katika uwindaji wote wa ndege wa maji mwaka 1991, na Umoja wa Ulaya ukayazuia kwenye maeneo oevu kuanzia Februari 2023. Mkataba wa AEWA kuhusu ndege wa maji wahamao wa Afrika na Eurasia, ambao Kenya, Tanzania na Uganda ni wanachama, unataka vivyo hivyo. Chuma ni kigumu na hakibonyei kinapopita mdomoni, kwa hiyo huweza kuvimbisha mtutu mwembamba wa zamani uliobanwa sana. Tena ni chepesi: uzito wake ni mara 7.8 ya maji, wa madini ya risasi mara 11.3. Wawindaji hufidia kwa kuchagua marisau makubwa kwa namba mbili. Kwa mwenye bunduki kongwe, marisau ya bismathi, yaliyo laini na mazito kuliko chuma, ndiyo njia ya salama, ingawa bei yake huumiza.

Choki, yaani mbano wa mdomo, ndiyo inayoamua marisau yatawanyike upesi au yasafiri pamoja. Katika geji 12 mbano kamili ni kama milimita moja, wa nusu ni nusu milimita, wa robo ni robo milimita. Kwa kanga na kwale robo yatosha. Kwa bata wa mbali, nusu. Mbano kamili pamoja na chuma hauna faida, na watengenezaji wengi huukataza. Choki za kufunguliwa kwa skrubu huondoa ubishi wote huu, mradi zifunguke: iliyoganda kwa kutu imekuwa choki ya kudumu.

Mtambo hupimwa bila ubao wa mbele, kwa sababu springi ya ubao huo hukaza kila kitu na kuficha ulegevu. Bunduki ikishikwa kwenye shingo ya kitako na kutikiswa kushoto na kulia, haitakiwi kugongagonga. Ikifungwa na kuinuliwa kwenye mwanga, hapatakiwi kuonekana mwanya kati ya mitutu na uso wa mtambo. Mafundi huweka pia kipande cha karatasi ya sigara hapo, wakafunga. Karatasi ikitoka bila kung'ang'ania, bawaba imelika. Dalili nyingine iko juu kabisa, mbele ya macho ya wote. Wenzo wa kufungulia, katika bunduki mpya, husimama ukiegemea kulia kidogo kwa makusudi. Kadiri komeo linavyolika ndivyo unavyosogea katikati, na uliovuka kwenda kushoto unadai fundi.

Vichwa vya skrubu husema mengi. Katika kazi bora mifereji yake yote hulala sambamba na mtutu, na kingo zake ni kali. Iliyoparuzwa ni ushahidi wa bisibisi isiyo saizi yake, na aliyeharibu skrubu ya nje hakuwa mpole huko ndani. Vifyatuo hujaribiwa kwa risasi bandia, na huachia kwa uzito wa kilo mbili hivi, bila mkokoto. Bunduki ikiwa imekokiwa, na chemba zikiwa hazina risasi halisi, kitako hupigwa kwa kiganja cha mkono: nyundo ikianguka, mauzo yameishia hapo. Namba ya usajili isomwe kwenye mitutu, mtambo na ubao wa mbele, na ilingane na karatasi. Nchini Tanzania umiliki husimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, na kibali hutangulia ununuzi.

Mbao za mjozi hupendwa kwa mawimbi yake, lakini mawimbi hayo yanafaa kukaa nyuma ya kitako tu. Kwenye shingo, ambako mti ni mwembamba na teke hupitia hapo, nyuzi zinapaswa kunyooka kuelekea mtambo, maana zilizokatiza hupasuka. Panapokutana mbao na chuma, mti huachwa juu ya chuma kwa unene wa ukucha, na pasipite hata wembe. Hapo ndipo fundi wa kweli hujulikana. Nakshi za bata na mbwa ubavuni siku hizi huchorwa kwa mashine ya leza, na hazithibitishi chochote kuhusu kilichomo ndani. Anayekaa matopeni hafanyi kosa akichagua kitako cha plastiki, kisichovimba kwa maji.

Bunduki isiyomkaa mwilini mwindaji haitampa ndege hata ikiwa kamili kwa mengine yote. Jaribio la haraka ni kuiinua begani macho yakiwa yamefumbwa, shavu likalala kwenye kitako, kisha macho yakafumbuliwa: utepe wa juu uonekane umenyooka, na shanga ya mbele katikati. Jaribio la uhakika hufanyika kwenye karatasi kubwa. Kwa mita 15 hupigwa mara kadhaa kwa kuinua na kufyatua upesi, bila kulenga taratibu. Kila sentimita 16 ambazo kitovu cha marisau kimekwenda kando huita marekebisho ya sentimita moja kwenye kitako. Kikienda juu, mgongo wa kitako hupunguzwa. Kikienda chini, huinuliwa. Kisha hupigwa kwa mita 36.5, duara ya sentimita 76 ikachorwa pale yalipokusanyika, na matundu yakahesabiwa. Choki ya robo huingiza zaidi kidogo ya nusu ya marisau ya madini ya risasi ndani ya duara, ya nusu asilimia 60, na iliyobana kabisa asilimia 70. Hesabu hiyo hurudiwa kwa kila aina ya risasi itakayotumika, kwa kuwa mtutu mmoja huweza kuipenda moja na kuitawanya nyingine ya bei ileile. Kitako cha mbao hurekebishwa na fundi. Cha plastiki hurekebishwa kwa vipande vyembamba vinavyotiwa kati yake na mtambo, ambavyo huja ndani ya sanduku la bunduki nyingi mpya za kujipakia.