"CHANYA" NA "HASI": ISTILAHI ZINAZOMPOTEZA MGONJWA

Tumchukue mkulima wa chai wa Wilaya ya Rungwe, katika milima ya Tukuyu, ambako kwa miaka mingi wananchi waligawiwa dawa ya ivermektini ili kupambana na usubi. Ugonjwa huu wa macho na ngozi huenezwa na inzi wadogo weusi wazaliwao katika mito iendayo kasi. Mkulima wetu amepimwa mara mbili. Kipande kidogo cha ngozi yake kimetazamwa kwa hadubini, na jibu limeandikwa "hasi". Tone la damu yake limepimwa, na jibu limeandikwa "chanya". Anarudi nyumbani akiamini kuwa mmoja wa wapimaji amekosea.

Hakuna aliyekosea. Hadubini ilitafuta watoto wa minyoo katika ngozi. Kipimo cha damu kilitafuta kingamwili, yaani alama ambayo mwili huiweka unapopambana na minyoo hiyo. Ivermektini huua watoto wa minyoo, lakini haiwaui minyoo wazima, ambao huweza kuishi mwilini miaka 10 hadi 15. Nazo kingamwili huweza kubaki muda mrefu. Kwa sababu hiyo mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 huelekeza kwamba, ili kujua kama maambukizi yamekoma mahali fulani, ipimwe damu ya watoto walio chini ya miaka 10. Damu ya mtu mzima yaweza kusimulia habari za zamani.

Basi wapimaji walijibu maswali mawili, ila lugha iliyafanya yaonekane kuwa swali moja.

Maneno "chanya" na "hasi" yana makao mema katika hisabati na fizikia, kwani namba haisifiwi wala hailaumiwi. Yalipohamia katika tiba yalikuta mwenzao amekwisha kubadilika. Katika magazeti na hotuba, "chanya" aghalabu huwa na maana ya jambo jema: mtazamo chanya, mabadiliko chanya. Mtu aliyezoea matumizi hayo, akiambiwa kuwa jibu lake la virusi vya UKIMWI ni chanya, ana haki ya kumshukuru Mungu.

"Kingamwili" nalo ni neno lililoundwa vizuri, walakini lina mtego wake. Mwananchi amefundishwa kwamba UKIMWI ni upungufu wa kinga mwilini. Leo anaambiwa kuwa kingamwili zimeonekana katika damu yake, na kwamba hiyo ndiyo dalili ya kuambukizwa. Asiyefafanuliwa atadhani amepewa habari ya usalama.

Neno la tatu ni dogo zaidi: "hakuna". Mathalani, mtu aliyekwisha kutibiwa malaria huweza kuonekana na ugonjwa kwa kipimo cha haraka hata baada ya wiki kadhaa, maana kipimo hicho hutambua protini iliyoachwa na vimelea, huku hadubini isione kimelea hata kimoja. Kuandika "hakuna vimelea" ni kudai mengi kuliko jicho lilivyoona. "Vimelea havikuonekana" ndiyo kauli ya kweli.

Wako watakaosema kwamba "chanya" na "hasi" ni maneno mafupi, yanayotosha katika jedwali, na yamekwisha kuingia vitabuni. Nakubali, yabaki katika daftari la maabara. Lakini karatasi anayokabidhiwa mgonjwa yapasa itaje mambo matatu: kilichopimwa, kilichotafutwa, na kilichoonekana. Kwa mkulima wetu ingetosha kuandika: "Ngozi: watoto wa minyoo hawakuonekana. Damu: kingamwili za usubi zimeonekana, huenda ni za maambukizi ya zamani."

Kadhalika yafaa tutenganishe hali tatu ambazo sasa huchanganywa. Majibu "yanayotofautiana" ni yale ya vipimo vilivyotafuta vitu mbalimbali, kama haya ya usubi. Majibu "yanayopingana" ni yale ya vipimo vilivyotafuta kitu kimoja kwa wakati mmoja, kila kimoja kikasema lake. Jibu "lisilo bayana" ni lile ambalo uamuzi wake umeahirishwa, kama inavyotokea katika upimaji wa virusi vya UKIMWI, mtu anapotakiwa kurudi baada ya siku 14. Aliyeambiwa kuwa majibu yake yanapingana hupoteza imani na wapimaji, na pengine asirudi tena. Aliyeambiwa kuwa jibu halijawa bayana anajua kwamba anangojewa.

Wazee wengi wa Rungwe huongea Kinyakyusa nyumbani, na karatasi ya hospitali husomewa na mjukuu. Mjukuu huyo ataweza kufasiri "hawakuonekana" bila taabu. Akikutana na "chanya" itambidi abahatishe, na anayebahatishiwa ni babu yake mgonjwa.