Juu ya Kuchora Kila Siku

Wako watu wengi wafundishao kwamba atakaye kuwa fundi wa picha hana budi kuchora kila siku, ijapokuwa ni robo saa tu. Neno hili ni jema, wala silipingi. Lakini ni nusu ya neno. Mtu aweza kuchora kila siku kwa miaka kumi, mkono wake ukawa mwepesi, na jicho lake likabaki limelala. Basi yafaa tulipime kwa kazi za wachoraji wa Afrika ya Mashariki ambao sifa zao zimeenea, tuone ni desturi ipi iletayo faida, ili sisi wa Mbozi, Momba, Ileje na Songwe tujue la kushika.

Tuanze na Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, aliyeanza kuchora katika mji wa Dar es Salaam mwaka 1968. Alitumia ubao mwembamba wa kiwandani na rangi ile ipakwayo baiskeli. Mnyama wake huujaza ubao wote, naye hukutazama kama mwenye nyumba amtazamavyo mgeni asiyebisha hodi. Tingatinga alikufa mwaka 1972, lakini wanafunzi wake waliendelea, na jina lake likawa jina la namna hiyo ya uchoraji. Wengi waliomfuata wamechora kila siku, maana ndiyo riziki yao, na mkono wao ni hodari kweli. Walakini, tukizitazama picha nyingi ziuzwazo kwa wageni, twaona tembo yule yule, mlima ule ule, jua lile lile jekundu. Simlaumu mtu atafutaye chakula cha watoto wake, wala si wote walio hivyo. Nasema tu kwamba kurudia si kutazama. Tembo wa namna hiyo hakutoka porini, alitoka katika picha nyingine.

Wa pili ni Sam Ntiro, mzaliwa wa Machame, aliyesoma Makerere na kisha London, akawa mwalimu, na tangu mwaka 1961 akawa balozi wa Tanganyika huko Uingereza. Katika picha yake ya mwaka 1956, wanaume wanachukua pombe ya ndizi usiku kwa bibi arusi. Jumba la Sanaa za Kisasa la New York liliipata mwaka 1960. Msomaji asikwazwe na pombe ile, bali aitazame kazi yenyewe. Ntiro hakujishughulisha na sura ya kila mtu. Watu wake ni wadogo, nao wamo katika jambo moja. Ametuonyesha mwendo wa watu walio pamoja, na namna migomba inavyowazunguka. Mambo haya hayajui ila mtu aliyekaa nayo na kuyatazama sana. Kijiji kilichotazamwa vema hubebwa kichwani, hata mtu akiwa mbali nacho.

Wa tatu ndiye nitakaye kukaa naye zaidi, maana hali yake yafanana na yetu. Rosemary Karuga alizaliwa Kenya mwaka 1928. Alisoma sanaa Makerere tangu mwaka 1950 hata 1952, naye alikuwa mwanafunzi wa kwanza mwanamke katika shule ile ya sanaa. Kisha akawa mwalimu, na kwa miaka mingi kazi za shule na za nyumba zikamwachia nafasi ndogo ya kazi yake mwenyewe. Karibu na mwisho wa miaka ya 1980 akairudia. Vifaa vya dukani vilikuwa ghali. Basi akatwaa karatasi za sabuni ya Rexona na mifuko ya unga, akazikata vipande vidogo vidogo, akavibandika hata vikawa watu na wanyama wa kijijini. Kazi ya namna hii wasanii huiita kolaji. Mwaka 1990 picha zake zilitundikwa New York, katika jumba la Studio Museum in Harlem. Alifariki mwaka 2021.

Wengi wamsifuo Karuga huishia hapo, kwamba alifanya kitu kizuri kwa takataka. Sifa hiyo ni ndogo mno. Ubora wa kazi yake ni uchaguzi. Mwenye rangi ya kopo huweza kuichanganya mpaka imtii. Mwenye karatasi ya sabuni hupewa rangi iliyokwisha kupigwa chapa kiwandani. Hana budi kuipekua kipande kwa kipande, apate hiki kifaacho bega lililo juani, na hiki kifaacho mkunjo wa nguo ulio kivulini. Kila kipande ni uamuzi, na asiyejua kivuli huangukia wapi hawezi kuamua. Ndiyo maana nasema kubandika ni shule ya jicho.

Hata hivyo kazi hii ina upungufu wake. Herufi kubwa za kiwanda zikiachwa bila kufikiriwa huliteka jicho, na mtazamaji akasoma jina la sabuni badala ya kuona uso wa mtu. Tena ni kazi ya polepole. Mtoto akimbiaye hangoji gundi ikauke. Hapo ndipo mchoro wa haraka wa kalamu ya risasi uwapo na kazi yake: hunasa mwendo kwa mistari michache, na kubandika huja baadaye kuutafakari. Atakaye moja bila lingine atachechemea.

Tena kuna jambo ambalo wasifuo hawalisemi. Habari za Karuga hutolewa kama faraja, kwamba hata aliyechelewa hufika. Ni kweli. Lakini mimi nauliza: ni picha ngapi zisizofanywa katika miaka ile ya kufundisha? Kipaji chake hakikufa, nasi twashukuru. Vya wengine vimekufa. Katika kila kijiji chetu yuko mama au mzee ambaye utotoni alichora vizuri juu ya mchanga na kwa makaa ukutani, na leo hawezi kuchora hata jembe lake. Robo saa ya kila siku haikuwekwa ili tupate sifa New York. Imewekwa ili kitu tulichopewa kisitufie mikononi.

Labda mtu atasema, “Sisi hatuna vifaa.” Aende Tunduma siku moja, apaone mahali ambapo malori hungoja kuvuka kwenda Nakonde. Maboksi, mifuko ya saruji, vifuko vya majani ya chai na karatasi za sabuni vimejaa kando ya njia. Wembe, uji mzito wa unga na daftari la shule vyatosha kuwa karakana.

Mwingine atasema, “Hatuna cha kuchora.” Huyu aende kilima cha Marengi, Mbozi, kilipo Kimondo, chuma kilichoanguka kutoka mbinguni, ambacho uzito wake hukadiriwa kuwa tani 16. Akichore siku kumi, asubuhi na jioni. Kimondo hakisogei, lakini vivuli vyake havifanani mara mbili. Akiisha kulijua hilo, atajua pia kwamba mikono ya mama achumaye kahawa leo si ile ya jana.

Mwingine atasema kwamba kuchora ni mchezo wa watoto. Na akumbuke Bezaleli, ambaye Mungu alimjaza hekima kwa kazi ya ufundi. Tena akumbuke tanuri ndefu za udongo ambamo Wanyiha wa zamani waliyeyusha chuma. Walioziona zikiwaka wamekufa. Ni nani kati yetu awezaye kuonyesha jinsi mafundi wale walivyosimama kando ya moto? Yako mambo ya leo ambayo wajukuu wetu watayauliza vivyo hivyo.

Wana wa Israeli waliokota mana kila siku kwa kadiri ya haja ya siku ile, na aliyejiwekea ya kesho aliikuta imeoza. Kutazama nako ndivyo kulivyo: hakuwekwi akiba. Basi, mpenzi msomaji, usijihesabie kurasa ulizojaza. Kila jioni jiulize neno moja tu: Leo nimeona nini ambacho jana sikukiona? Ukiwa na jibu, lichore, hata kama mstari wako umepinda. Bandu bandu huisha gogo, mradi shoka liwe na makali. Na makali ya mchoraji ni jicho lake.