Jalada la Nguo na Heshima ya Maandishi

Kuvika kitabu nguo ni jambo moja, na kuiandika nguo hiyo ni jambo jingine. Wengi watengenezao vijitabu kwa mkono huyachanganya mawili haya. Hutwaa kipande cha kitani au turubai wakakipiga chapa kama wapigavyo karatasi. Matokeo yake twayaona: herufi nyembamba zimekatika, wino umetambaa, na jina la mtunzi halisomeki ila kwa kukisiwa.

Karatasi ni uso mmoja. Nguo ni nyuzi na nafasi zilizo kati ya nyuzi. Wino hufuata uzi, na gundi hupenya nafasi hata ikajitokeza mbele na kuacha madoa. Katika miaka ya 1820 Archibald Leighton, mjalidi wa London, alilipunguza tatizo hili kwa kuijaza nguo ya pamba wanga. Na kufikia mwaka 1832 majina ya vitabu yaliweza kugandamizwa juu ya nguo kwa dhahabu. Mtengenezaji wa nyumbani hana mashine, lakini wanga anao. Akibandika karatasi nyembamba nyuma ya kitani kwa uji wa wanga, akaikausha chini ya uzito, kisha akapiga chapa kabla ya kukunja, atapata herufi zinazosimama. Turubai ni kaidi zaidi. Hutaka herufi nene, na kijitabu cha kurasa ishirini hakiwezi kulibeba. Hubaki wazi kama mdomo wa samaki.

Haya ni ya ufundi. Lililo zito kwa mhakiki ni hili: nguo husema nini juu ya maneno iliyoyafunika? Mfano bora niujuao ni wa Writers Workshop ya Calcutta, iliyoanzishwa na P. Lal na wenzake mwaka 1958. Vitabu vyake vilijulikana kwa kujalidiwa kwa mkono, kwa vitambaa vya sari vilivyofumwa kwa mkono, jina likagongwa kwa dhahabu. Juu ya nguo hapana picha. Pindo la sari limeachwa liwe ndilo pambo. Huu ni uamuzi wa mtu aliyejua kwamba mfumaji amekwisha kusema, na mpiga chapa aliyekuja baadaye hana budi kusema machache. Nausifu pasipo kusita.

Sifa hiyo haifuti lawama. Katika nguo hizo ulitoka ushairi wa Nissim Ezekiel, na diwani ya kwanza ya Vikram Seth; zikatoka pia kazi za watunzi waliotakiwa kununua nakala mia moja za vitabu vyao wenyewe, desturi iliyoleta maneno mengi. Sari ile ile ilimvika mwenye kipawa na asiyekuwa nacho. Mtetezi atajibu kwamba kijana asiyejulikana alipata heshima sawa na bingwa, na jibu hilo lina uzito. Hata hivyo msomaji ndiye aliyeachiwa kazi ambayo ilimpasa mhariri, na uzuri wa jalada ulimchelewesha kuianza.

Kwetu Pwani hukumu ya maandishi juu ya nguo si ngeni. Kanga imebeba jina lililopigwa chapa kwa zaidi ya karne moja, awali kwa herufi za Kiarabu, kisha za Kirumi. Jina ni maneno machache, herufi ni nene, na mahali pake panajulikana, juu ya pindo la chini. Mnunuzi hulipima pamoja na rangi. Jina lisilompendeza huweza kuirudisha kanga rafuni. Hapo nguo husomwa, haitazamwi tu.

Ndiyo maana kanga ni kitambaa kigumu kwa jalada kuliko kidhaniwavyo. Akatwaye diwani yake kipande cha kanga huletewa maneno ya mtu mwingine juu ya yake, na mara nyingi mkasi hupita katikati ya jina, nusu ya sentensi ikabaki mgongoni mwa kitabu na nusu ikaingia ndani, chini ya gundi.