Bluu ya Kwezi

Kwezi akitua juu ya mzinga huko Ipole, mgongo wake unang'aa kijani. Akigeuka kidogo unakuwa bluu. Akiingia kivulini, ni mweusi tu. Rangi hiyo haikupakwa. Ndani ya manyoya mna tabaka nyembamba sana, na mawimbi ya mwanga yanayorudi kutoka kila tabaka yanapokutana, mengine huongezeana nguvu na mengine hufutana.

Nilimkumbuka ndege huyu niliposoma tena makala ya James Kajiya ya mwaka 1986, The Rendering Equation, ambayo mlinganyo wake ndio msingi wa picha nyingi za filamu za kompyuta hadi leo. Mlinganyo huo unauliza swali moja: kutoka nukta hii, mwanga kiasi gani unaelekea kwenye jicho? Jibu lake: ule unaozaliwa hapo, jumlisha ule uliofika kutoka kila upande ukaakisiwa. Ni fupi na umeshiba kama methali.

Lakini mwanga wake ni mwale, na mwale umebeba kiasi peke yake. Haujui kama wimbi liko kileleni au bondeni. Kwa hiyo humo mwanga ukijumlishwa na mwanga hauwezi kamwe kuzaa giza. Kwezi hana nafasi.

Kajiya hakuficha. Alieleza wazi kwamba hesabu yake ni ya kukadiria na kwamba ameyaacha mambo ya mawimbi. Lawama yangu ni kwetu wasomaji: tulichukua mlinganyo, tukaliacha angalizo, kisha tukaita picha zake "halisi".

Mwaka 1999 Jos Stam aliyarudisha mawimbi, akachora rangi zinazochezacheza juu ya sidii. Ni kazi ninayoiheshimu, ingawa mawimbi yake yanaishia usoni mwa kitu. Mwanga ukishaondoka hapo, unasafiri tena kama mwale.

Sidai kila picha ihesabiwe kwa mawimbi. Hesabu hizo ni nzito, na gome la mninga, ng'ombe au ukuta wa udongo havitapoteza kitu vikichorwa kwa miale. Ila anayemchora kwezi kwa bluu moja isiyobadilika amechora kwezi aliyekaushwa wa makumbusho. Mtoto aliyekulia Ipole atamtazama kwenye skrini na kuona kwamba ndege anaruka, lakini rangi yake imesimama.