Tulikuja Kuwatazama, Wao Walikuja Kuimba

Bango nje ya baa, pale Zimmerman, lilionyesha wanawake watatu wenye magauni mekundu, moshi ukipanda nyuma yao na maneno USIKU WA MALKIA juu ya vichwa vyao. Waliopanda jukwaani usiku ule walivaa jeans, buti za cowboy na majaketi, kwa sababu ilikuwa Julai na baridi ya Julai haina mchezo na mtu. Sura zilikuwa zile zile, lakini baa ilikuwa imeuza picha na waimbaji wakaleta kazi. Ni wachache mle ndani waliogundua kwamba walipewa kitu kizuri kuliko kile kilichotangazwa.

Sitawataja kwa majina yao ya jukwaani. Wanaimba kwingine Alhamisi na Jumapili, wanahitaji wenye baa waendelee kuwapigia simu, na mengi ninayotaka kusema yanatuhusu sisi tuliokuwa tumeketi.

Kwa wale ambao hawajawahi kuburutwa kwenye ule mstari, mugithi ni neno la Kikuyu la gari la moshi. Watu wanashikana viuno, wanapanga foleni, wanazunguka meza kama mabehewa. Mbele yupo mtu mmoja na gitaa, nyuma yake kinanda kinachobeba ngoma na besi, basi. Huyo mtu mmoja anashona nyimbo: beti mbili za benga ya miaka ya sabini, korasi ya kanisani, kipande cha Kenny Rogers, kisha anarudi kwenye benga bila kusimamisha mdundo. Sauti nzuri inasaidia, lakini kazi yenyewe ni kujua wimbo upi ufuate upi, na kwa nini. Na hapo ndipo mwanamke anaingia na mzigo zaidi. Hazina anayotarajiwa kushona ni ya Joseph Kamaru, ya DK, ya John De'Mathew. Anapanda jukwaani na kapu la nyimbo zilizotungwa na wanaume, nyingi zikimzungumzia yeye.

Wa kwanza alipanda saa tatu na nusu, na gitaa lilikuwa lake mwenyewe. Hilo peke yake si jambo la kila siku. Kidole gumba kilishikilia besi, viwili vikachokonoa nyuzi za juu, na sauti yake, nzito kidogo, ilichelewa nyuma ya mdundo kama mtu anayetembea bila haraka huku matatu ikimpigia honi. Ukimsikiliza vizuri unagundua kwamba kuchelewa huko ni makusudi. Kinanda hakiwezi kumngoja, kwa hivyo yeye ndiye anayeamua lini atakifikia, na kila akikifikia mwili wako unaskia.

Saa nne hivi aliingia kwenye wimbo ambao mwanamume analalamika: alimsomesha msichana, akauza ng'ombe, msichana akafika mjini akamsahau. Waimbaji wengi wa kike wakifika hapo hubadilisha maneno, msichana anakuwa mvulana, maisha yanaendelea. Huyu hakubadilisha neno. Aliimba kilio cha mwanamume kama kilivyo, uso mkavu, na kila alipofika kwenye ng'ombe alipunguza mwendo na kuwahesabu mmoja mmoja. Wanaume wa meza ya mbele waliimba naye kwa uchungu wa kweli, mikono kifuani. Kadiri walivyozidi kulia ndivyo wimbo ulivyozidi kuwacheka. Meza ya wanawake wanne karibu na choo ilielewa mapema, ikaanza kuhesabu ng'ombe pamoja naye.

Hiyo ni tafsiri mpya kabisa ya wimbo, na hakugusa hata silabi. Ingefanywa kwenye ukumbi wenye viti vya kitambaa chekundu, kuna msee angeshaiandikia makala ndefu. Hapa weita alipita katikati na sinia ya mbuzi choma, na emsii akauliza nani amepoteza ufunguo wa Probox.

Wa pili hakunibamba, na nitasema kwa nini, kwa sababu kumsifu kila mwanamke aliyeshika maiki ni njia nyingine ya kutomsikiliza. Alichagua ufunguo wa juu kuliko koo lake, akaukwea wimbo wa kwanza hadi sauti ikaanza kupasuka, halafu nyimbo tatu zilizofuata akaziweka pale pale. Kila baada ya mistari miwili aliuliza Zimmerman mko wapi. Tuko hapa, dada, tumekuwa hapa tangu saa mbili. Kweli, vyombo havikumsaidia: hakukuwa na spika ya kumrudishia sauti yake jukwaani, kwa hivyo alipiga kelele ili ajisikie. Lakini mwenzake alikuwa na shida hiyo hiyo, akaitatua kwa kushusha sauti na kuukaribia maiki. Alichokuwa nacho huyu wa pili, na ambacho sitamnyima, ni kuendesha watu. Foleni ya mugithi iliyotoka jukwaani ikapita kaunta, ikashuka ngazi, ikarudi na watu ambao hawakuwa wateja, hiyo ilikuwa yake.

Wa tatu alikuwa mkubwa wa wote kwa umri. Ndiye aliyetimiza ahadi ya bango, kwa sababu alimleta malkia mwenyewe. Jane Nyambura, ambaye sote tunamjua kama Queen Jane, alianza miaka ya themanini kwenye bendi iliyoongozwa na mwanamume, baadaye akaunda yake, na alipofariki mwaka wa 2010 hakuna aliyeweza kusema tena kwamba benga ya Kikuyu ni kazi ya wanaume. Mwimbaji wetu alimwomba mpiga kinanda anyamaze, akaanza "Mwendwa KK" kwa sauti tupu. Baa yenye televisheni tatu na meza ya pool ilinyamaza. Kikuyu changu ni cha kuokoteza kwa nyanya wakati wa likizo, lakini wimbo huo hauhitaji cheti. Kinanda kiliporudi kwenye ubeti wa pili, hata baunsa aliyekuwa mlangoni alikuwa akiimba.

Kisha akafanya jambo ambalo sijawahi kuliona kwenye mugithi. Badala ya kushona wimbo huo na benga nyingine, aliushona na nyimbo za akina mama, zile zinazoimbwa langoni siku ya arusi, wageni wakiwa wamezuiwa nje na wanawake wa nyumba wakiwauliza wamekuja kutafuta nini. Upande mmoja unauliza, mwingine unajibu, na lango halifunguki mpaka majibu yatosheleze. Aliuliza kutoka jukwaani. Wale wanne karibu na choo wakasimama wakajibu. Wanawake wawili kaunta wakajibu. Mama wa jikoni akatoka na aproni yake akajibu. Kumbe kuna kapu lingine kabisa la nyimbo, ambalo halikutungwa na wanaume wala halikungoja gitaa, na nusu ya chumba tayari ilikuwa inalijua kwa moyo.

Lilidumu kama dakika sita. Halafu ikaja noti.

Meza ya kona ilituma elfu moja kupitia emsii, emsii akatangaza jina la mheshimiwa, na mheshimiwa alitaka wimbo fulani unaovuma TikTok. Mwimbaji aliangalia noti, akaangalia wanawake waliosimama, akampa mpiga kinanda ishara. Lango likafungwa pale pale. Wanawake wakaketi.

Sina ugomvi na kutuza. Muziki wetu umekua kwa tuzo. Pwani, kwenye taarab, shabiki husimama ubeti ukimgusa, anacheza hadi mbele na kumtunza mwimbaji, na mara nyingi pesa hiyo inasema kitu: maneno haya ni yangu, na wewe uliyeketi pale unajua ni yako pia. Kwenye ohangla na benga ya Waluo kuna pakruok: unalipa, muziki unashuka, unajisifu wewe na marafiki na kwenu, kisha muziki unapanda tena. Lady Maureen alipata jina kwenye majukwaa ya aina hiyo. Pakruok inakata wimbo, ndiyo, lakini imejengwa ndani ya wimbo, kila mtu anajua nafasi yake iko wapi. Pesa ya usiku ule haikuwa hivyo. Pesa ya taarab hulijibu shairi. Ya meza ya kona ilitoa amri, na ilitoa amri kwa sababu mwenye baa alikuwa ameshampa mteja usukani.

Nasema hivyo kwa sababu niliuliza. Mwenye gitaa aliniambia baadaye, tukiwa nje akingojea boda, kwamba baa humpa nauli na chakula. Kilichobaki ni noti za mkononi na namba ya M-Pesa aliyoibandika kwenye gitaa. Mtu wa namna hiyo huwezi kumwambia akatae wimbo wa mheshimiwa kwa ajili ya sanaa. Mheshimiwa ndiye kodi ya nyumba.

Baada ya saa sita usiku mugithi huvua shati. Nyimbo za heshima hupewa maneno ya chumbani, hata za kanisani haziponi, na kila aliyezoea anazingojea. Mwanamume akiziimba watu wanacheka na mambo yanaishia kwa kicheko. Wa kwanza aliporudi kuziimba, kuna watu walioamua kwamba ni mwaliko. Mmoja alipanda na elfu yake, akaiweka juu ya gitaa, kisha akamshika kifundo cha mkono na kukaa nacho. Mkono wa kushoto. Ule wa kodi za gitaa.

Mdundo haukusimama. Aliendelea na mkono mmoja kwa muda, akamuuliza jina kwa tabasamu, akalitia kwenye wimbo. Ubeti wa kwanza ulimsifu. Wa pili ukasimulia kwamba mtu mkarimu namna hii lazima kuna ugali unaompoa nyumbani. Wa tatu ukahesabu saa ambazo ugali huo umekaa mezani, polepole, kama alivyohesabu ng'ombe. Ukumbi mzima ulikuwa unahesabu naye alipomwachilia.

Huo ndio ustadi mkubwa kuliko wote niliouona usiku huo, na sitaki kuusherehekea sana. Emsii alikuwa hatua mbili kutoka hapo akicheka. Baunsa alikuwa mlangoni. Sisi tulikuwa na simu juu tukirekodi. Mtu mmoja tu alikuwa kazini, akifanya kazi ya watatu, na ukitazama video hizo leo utaambiwa ni burudani.

Najua jibu: hii ni baa, kama unataka ukimya nenda ukumbi wa taifa. Lakini baa ndipo muziki huu unapoishi. Benga ya Nairobi ililelewa na mabaa na maduka ya rekodi ya River Road, na walioimba ndani yake walitaka kusikika, si kutazamwa tu. Kuweka spika moja jukwaani hakuwezi kumfilisi mwenye baa. Kuweka sanduku la tuzo mbele ya jukwaa, mkono wa mteja ukomee hapo, ni gharama ya fundi wa mbao. Kuwalipa ada inayojulikana kabla hawajapanda kunaweza kukata faida ya usiku mmoja, na kutawarudishia usukani wa wimbo. Emsii naye aambiwe kwamba nusu saa ya kwanza ya kila mwimbaji haina maombi.

Enda, tafadhali. Mwenye gitaa peke yake anatosha kukutoa nyumbani kwenye baridi. Wa pili akipata ufunguo unaomfaa atakuja kuwa hatari. Lakini mimi nitarudi kwa ajili ya yule mkubwa. Kiingilio kilikuwa bure na bia 300, na ningelipa zote mbili mara tatu kusikia lango lile linavyofunguliwa.