Juu ya Maneno Duara, Mviringo, Tufe na Kizio

Waingereza hutenga "circle", umbo bapa lichorwalo ubaoni, na "sphere", umbo la mpira. Wafasiri wetu wengi huyaita yote mawili duara. Kosa hili si dogo, kwani mtoto aambiwaye kwamba dunia ni duara aweza kuiwaza kama sinia, wala si kama chungwa.

Duara ni neno la asili ya Kiarabu, na shina lake lina maana ya kuzunguka. Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 yalieleza pia kuwa mtambo uzungukao wa kuvutia vitu vizito. Kwa hiyo msemo "dunia duara" wahusu mzunguko wa mambo: aliye juu leo, kesho yu chini. Haukutungwa kufundisha umbo la dunia, na mwalimu asiutumie kama ushahidi.

Mviringo ni neno pana mno. Lafaa sahani, lafaa na chungwa. Litakiwalo ni tufe. Wako wasemao kwamba tufe ni kile chuma cha wanamichezo tu. Sivyo, tangu zamani ni mpira wa kuchezea, na chuma kilipewa jina hilo kwa sababu ya umbo lake.

Kizio ndilo lililochaguliwa kwa busara kuliko yote. Nazi ikivunjwa, kila nusu yenye nyama ni kizio. Ikiisha kukunwa, kibakicho ni kifuu. Ndipo wanajiografia wakasema Kizio cha Kaskazini na Kizio cha Kusini. Lakini nazi ni tunda la pwani. Hapa Nyegezi mwalimu na akate chungwa, aonyeshe kwamba sisi, tulio karibu digrii 2½ kusini mwa Ikweta, tumo katika kizio cha kusini, na kwamba Ikweta yakata ziwa letu upande wa kaskazini.

Basi, duara liwe la ubaoni, tufe liwe la dunia, kizio kiwe nusu yake. Kisha wanafunzi wapelekwe ufukoni watazame chombo chenye tanga kiendacho mbali: kiwiliwili hutoweka kwanza, tanga mwisho. Juu ya maji yaliyo bapa kama sinia, chombo kingezidi kuwa kidogo tu, kikionekana kizima.